Mgao wa Mwezi

Si zamani sana, wala si mbali sana, palikuwa na nchi iliyoitwa Jamhuri ya Kidedea, na msomaji atakayedhani ni kwao ajue amejisemea mwenyewe. Ilikuwa nchi nzuri, yenye watu wakarimu na viongozi waliopenda maendeleo kiasi kwamba hawakuruhusu mtu yeyote ayaguse kabla wao hawajayazindua.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi kuu ya Kidedea: kitu kisichozinduliwa hakipo. Daraja la Mto Gumba lilikuwa limekamilika, zege limekauka, kingo zimepakwa rangi ya bendera. Lakini mgeni rasmi aliyepangiwa kulizindua alikuwa bado safarini ughaibuni, kwa hiyo wananchi walivuka kwa kuogelea chini yake, nguo wamezifunga kichwani, na wakifika katikati waliinua macho kulisifu. Askari aliwekwa pale kuhakikisha hakuna anayelikanyaga. Kisima cha Malolo, kwa upande wake, kilizinduliwa na kila waziri aliyepita, na kila mmoja akaweka jiwe lake la kumbukumbu, mpaka mahali pa kuchimba kisima chenyewe pakakosekana.

Na mgeni rasmi ana heshima zake, jamani. Akipiga makofi, unapiga. Akicheka, unacheka, hata kama hukusikia. Hakuna anayekula kabla yake, hakuna anayejibu kabla yake, na hakuna, hakuna kabisa, anayeinuka kwenye kiti kabla yeye hajaondoka. Mtoto wa Kidedea alijua haya kabla hajajua kuhesabu.

Katika nchi hiyo alikuwepo mwalimu mmoja, Siwema Ngatunga, mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa, aliyefundisha Sayansi darasa la saba katika Shule ya Msingi Mtakuja. Maabara ya shule ilikuwa picha ya darubini iliyochorwa ukutani na mwalimu aliyekwisha kustaafu. Kitabu cha kiada kiliandika "tazama mchoro hapo chini", na hapo chini palikuwa peupe, kwa sababu fedha za michoro ziliishia kwenye sherehe ya kukizindua kitabu. Basi watoto wa Mtakuja walifeli Sayansi mwaka hadi mwaka, na hakuna aliyeshangaa.

Ila mwaka huu mambo yalikuwa mengine. Wizara ya Elimu, Uzinduzi na Shughuli ilikuwa na mahema mengi na viti vingi vya wageni rasmi, na vyote havikuwa na pa kulala. Ikatangaza kwamba Mtakuja wakifeli Sayansi kwa mara nyingine, shule itageuzwa ghala la mahema, na watoto watahamishiwa Shule ya Gumba. Shule ya Gumba ilikuwa ng'ambo ya mto.

Siwema aliwatazama watoto wake, wengi wao wafupi hata kuliko madawati, akafikiria maji ya Gumba wakati wa masika. Usingizi ukamruka tangu siku hiyo.

*

Likizo ilipofika alikaa na simu yake, ile yenye ufa kwenye kioo, akaanza kuchokonoachokonoa mtandaoni. Loo! Kumbe duniani kuna watu wameweka vitu vya kufundishia hadharani, bure kabisa, na hawadai hata ahsante! Palikuwa na moyo wa binadamu unaodunda, unaufungua kwa kidole ukaona damu inaingia huku na kutokea kule. Palikuwa na nyaya za umeme ambazo ukizikosea hazimuunguzi mtu. Palikuwa na Jua, Dunia na Mwezi, unavizungusha utakavyo, na kiza na mwanga vinafuata kidole chako.

Lakini kilichomtoa machozi kilikuwa zana ya maswali. Kila mwanafunzi anapewa kadi ya karatasi yenye mchoro wake wa miraba myeusi. Akiisimamisha upande huu amejibu A, akiigeuza upande ule amejibu B, na kadhalika mpaka D. Mwalimu anapitisha kamera ya simu yake juu ya darasa, na simu inajua nani kajibu nini. Mtoto hahitaji simu wala umeme, anahitaji mikono tu. Tena herufi zimeandikwa kidogo sana pembeni, na kila kadi ina mpangilio wake, ili jirani akichungulia apate hasara.

Shule zilipofunguliwa, Siwema akanunua bando, akachapisha kadi za watoto, akatandaza shuka jeupe la kitandani kwake juu ya ubao, akaazima projekta kwa jamaa wa kibanda cha kuonyesha mpira, maana asubuhi hakuna mechi. Akawauliza wanafunzi Mwezi unapata wapi mwanga. Wengi wakakosa. Alama nyekundu zikajaa kwenye shuka, nao wakacheka.

"Ni Jua," akawaambia.

Msichana mmoja aitwaye Zawena, ambaye huwa haachi jambo lipite, akanyoosha mkono. "Sasa mwalimu, kama ni Jua, mbona kuna siku Mwezi ni kipande tu? Kingine kinakwenda wapi?"

Siwema aliuzungusha Mwezi kwenye shuka, polepole, watoto wakaona nusu iliyoangaziwa ikigeuka, ikijificha, ikirudi.

"Aaaaa!" darasa zima likasema kwa pamoja.

Sauti hiyo haikuwahi kusikika Mtakuja. Mwalimu Mkuu alitoka ofisini mbio, kiatu kimoja mkononi, akidhani ukuta umeanguka. Alipoambiwa ni watoto wameelewa, alikaa chini kidogo ili moyo utulie.

Siwema alikuwa na tabia moja ambayo hakuiacha: kila baada ya swali aliuliza la pili, papo hapo, bila kuwapa nafasi ya kupumua. La kwanza mtu anaweza kubahatisha, alisema. La pili ndilo litakaloonyesha nani yumo na nani anafuata mkumbo.

*

Habari zikamfikia Bwana Mashauri Kipepe, Afisa Uzinduzi wa Wilaya. Majirani walilalamika kwamba watoto wa Mtakuja wanacheka saa za masomo. Bwana Mashauri alikuja na mkasi wake mdogo wa dharura mfukoni, akasimama mlangoni akilitazama shuka.

"Mwalimu, hiki kimezinduliwa na nani?"

"Hakijazinduliwa, Bwana Afisa. Nimekitoa mtandaoni. Ni cha bure."

Bwana Mashauri akageuka kuangalia kama kuna mwingine aliyesikia. "Cha bure? Mzabuni wake ni nani?"

"Hana."

"Kamati ya manunuzi ilikaa lini?"

"Haikukaa. Hakuna kilichonunuliwa."

"Mwalimu Siwema," akasema kwa sauti ya chini, ya mtu anayemhurumia mgonjwa, "unataka kuniambia kuna kitu kimeingia nchini, kimefika hadi darasani, kimefanya kazi, na hakuna hata mtu mmoja aliyekaa kikao?"

"Bwana Afisa, watoto wanaelewa."

"Ndicho kinachonitisha. Wanaelewa kwa idhini ya nani?"

Akalikunja shuka, akalipiga lakiri. Siwema akamsihi, akamwambia mtihani unakaribia na shule itakuwa ghala. Bwana Mashauri akamjibu kwamba hata yeye anaumia, na ndiyo maana ataharakisha uzinduzi, tena mgeni rasmi atakuwa Waziri mwenyewe.

Ukaanza mchakato. Wataalamu walikuja kutoka makao makuu kutafuta mahali pa kufunga utepe. Walimuuliza Siwema kama tovuti ina mlango. Haina. Ina nguzo? Haina. Wakaingia kikaoni, wakatoka, wakaamua utepe ufungwe kwenye simu. Jiwe la kumbukumbu liliwekwa juu ya meza ya mwalimu, meza ikavunjika, ikaandikiwa barua ya onyo. Keki ilitengenezwa kwa umbo la simu, kubwa kuliko ubao, na hata ufa wa kioo uliigwa kwa sukari.

Kisha Bwana Mashauri akakagua swali ambalo viongozi wangejibu kwa kadi mbele ya wananchi. Siwema alikuwa ameandika lile la Mwezi, lenye majibu Jua, Nyota, Bahari na Milima.

"Serikali iko wapi hapa?" akauliza Bwana Mashauri.

"Ni swali la Mwezi."

"Mheshimiwa hawezi kuwekewa mbele swali lisilotaja Serikali. Hilo ni swali la upinzani." Akafuta Milima, akaandika Serikali. "Na hizi herufi ndogo hivi? Huu ni utovu wa adabu. Viongozi wachapiwe kadi zenye herufi kubwa, za dhahabu, zinazoonekana kutoka mbali."

"Zikiwa kubwa, wataangaliziana."

"Mwalimu, hao ni viongozi," akasema Bwana Mashauri, naye alisema kwa imani kabisa.

*

Siku ya uzinduzi mahema yalijaza uwanja wa shule. Waziri wa Elimu, Uzinduzi na Shughuli, Mheshimiwa Ndimbwelu, alifika wakati jua limeanza kuchoka, tumbo mbele na wasaidizi nyuma. Risala ikasomwa, kwaya ikaimba, risala ikarudiwa kwa waliochelewa. Kisha Mheshimiwa akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Bure si neno dogo! Serikali yenu imetumia fedha nyingi sana kuhakikisha kwamba kitu hiki kinabaki bure!" Makofi. "Tovuti zilikuwepo tangu enzi za mababu zetu, ila kilichokosekana ni utashi wa kisiasa!" Makofi, na vigelegele. "Nimeambiwa zana hii inajua nani kaelewa. Nami nasema: ianze na sisi viongozi!"

Kadi zikagawiwa, za dhahabu kwa viongozi waliokaa mbele, za karatasi kwa watoto waliokaa chini nyuma yao. Siwema akawasha projekta. Swali likatokea kwenye shuka, ambalo lakiri yake ilikuwa imevunjwa rasmi kwa nyundo maalumu.

Mheshimiwa Ndimbwelu alisoma majibu. Jua. Nyota. Bahari. Serikali. Akatabasamu. Huyu alikuwa mtu aliyepanda vyeo maisha yake yote kwa kujibu jibu moja tu kwa kila swali, na halikuwahi kumwangusha. Akainua D.

Mkuu wa Mkoa, ambaye utotoni aliwahi kusoma, alikuwa tayari ameshainua A hadi usawa wa kidevu. Akatupa jicho kwa Mheshimiwa, akaigeuza kadi kwa kasi nusura ateguke kiwiko. Wakurugenzi wakageuza. Makamishna wakageuza. Mstari mzima wa dhahabu ukasimama kwa D.

Siwema akapitisha simu. Majina yakaanza kuchomoza kwenye shuka, ya watoto yakiwa na alama ya kijani, moja baada ya jingine, hadi la mwisho. Yakafuata ya viongozi. Nyekundu. Nyekundu. Nyekundu. La Mheshimiwa lilikuja mwisho, na vyeo vyake vyote vilivyojaza upana wa shuka, na mbele ya vyeo hivyo pakakaa alama ya kukosa, mkasi mmoja mwekundu.

Zawena, aliyekuwa karibu na kiti cha Mheshimiwa, akamwonea huruma ya kweli. "Usijali, Mheshimiwa," akamwambia. "Hata mimi mara ya kwanza nilikosa."

Mshereheshaji akaruka na kipaza sauti. "Makofi kwa Mheshimiwa! Nyekundu ni rangi ya ushujaa! Pigeni makofi!"

Wakapiga. Mheshimiwa naye akapiga, kwa kutojua la kufanya, na kwa sababu alikuwa anapiga hakuna aliyeweza kuacha. Walipochoka aliinuka, akasema zana ina hitilafu, akaingia garini. Utepe haukukatwa. Keki haikuguswa, maana yeye hakuila, na ilibaki pale mpaka ikaliwa na sisimizi, ambao hawana itifaki.

*

Katika nchi nyingine mtu akikosa swali huambiwa amekosa. Kidedea hawakuwa na utaratibu huo kwa ngazi ya waziri. Baraza likakaa, likatoa waraka: kuanzia tarehe ya waraka, Mwezi unapata mwanga wake kutoka kwa Serikali. Walimu wote wafundishe hivyo, na swali hilo litokee kwenye mtihani wa taifa kwa kumbukumbu ya Mheshimiwa.

Bwana Mashauri alimletea Siwema waraka mkononi, akalipiga shuka lakiri upya. "Ujumbe wangu ni mfupi, Mwalimu. Watoto wako wakijibu D, wamepata. Wakijibu A, nitakuja na mahema."

Siwema aliingia darasani akasimama mbele ya ubao mtupu. Watoto walishasikia, watoto husikia kila kitu. Zawena akasimama.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Zawena."

"Mwalimu, siku ile tuandike jibu la mtihani au jibu la kweli?"

Siwema akiwaambia D, amewadanganya watoto aliowaona kwa macho yake wakielewa. Akiwaambia A, anawatumbukiza mtoni. Aliwapa zoezi la kuandika, akageukia dirishani akijifanya anaangalia mvua ambayo haikuwa ikinyesha.

*

Sasa Serikali ilikuwa imejitwika Mwezi, bila kukumbuka kwamba Mwezi una tabia ya kupungua.

Wiki ya kwanza watu waliona Mwezi umemegeka pembeni. Wakanung'unika kidogo. Ulipofika nusu, simu zikaanza kupigwa wizarani. Wananchi wa Kidedea walikuwa wamezoea mgao wa umeme na mgao wa maji, walijua haki zao, na sasa walitaka ratiba ya mgao wa Mwezi. Wizara ikaitoa. Ikaeleza kwamba punguzo linatokana na matengenezo, na kwamba huduma itarejea kamili hivi karibuni. Mwezi ukazidi kupungua mpaka ukapotea kabisa, na gazeti likaandika kwa herufi kubwa: UMEKATIKA.

"Kwetu kipande, kwa Mkuu wa Mkoa mzima!" alilalamika mama mmoja muuza vitumbua, mbele ya wanahabari. Mkuu wa Mkoa akaapa kwamba na kwake ni kipande vilevile. Nani amwamini? Maharusi walipeleka maombi wapewe Mwezi kamili siku ya harusi yao. Mbunge mmoja akasimama bungeni kudai Mwezi wa jimbo lake, kwa kuwa uliahidiwa kwenye kampeni. Wezi wa kuku waliomba kupitia mwakilishi wao kwamba mgao uendelee.

Halafu, jioni moja mapema, Mheshimiwa Ndimbwelu akiwa kwenye runinga anawahakikishia wananchi kwamba mwanga sasa umetengemaa, Mwezi uliokuwa mduara kamili ukaanza kuliwa na kivuli. Ukaingia weusi, kisha ukawa mwekundu. Wananchi wakatoka nje na masufuria wakiyagonga. Wanasema Rais alipiga simu studio, matangazo yakiendelea, akauliza neno moja tu: "Ndimbwelu?"

*

Keshoye Mheshimiwa alikuja Mtakuja bila king'ora, ndani ya gari la kukodi, kofia imefika machoni. Alimkuta Siwema anasahihisha madaftari.

"Mwalimu," akasema, akatazama pembeni. "Ile zana yako. Inaweza kunionyesha Mwezi huwa unakwenda wapi?"

Siwema angeweza kumnyima, na moyo ulimwambia amnyime. Lakini mwalimu ni mwalimu, akiona asiyejua mikono inamwasha. Akampa simu yake yenye ufa. "Zungusha kwa kidole, Mheshimiwa. Polepole. Angalia upande unaopigwa na Jua."

Mheshimiwa akazungusha. Akarudisha. Akazungusha tena, ulimi umetokeza kidogo pembeni ya mdomo. "Kumbe... kumbe unakuwa mzima siku zote! Sisi ndio tunaona kipande!"

"Ndiyo."

"Aaaaa!" akasema Waziri wa Elimu, Uzinduzi na Shughuli, kwa sauti ileile ya watoto, na Mwalimu Mkuu akatoka tena ofisini mbio. Kwa muda ule mfupi hakuwa mheshimiwa wa mtu. Alicheka, akaomba kuuona tena.

"Na kule kupatwa kwa Mwezi jana—" akaanza Siwema.

"Hilo siku nyingine, Mwalimu, nisichanganye." Akavaa kofia. "Tatizo langu ni kwamba Serikali haiwezi kusema ilikosea. Hatuna fomu yake."

Siwema akasogeza madaftari pembeni. "Basi isiseme ilikosea. Iseme inakabidhi."

Mheshimiwa akamtazama kwa mshangao wa mtu aliyeokotwa majini.

*

Ndivyo ilivyotangazwa Sherehe ya Kitaifa ya Serikali Kuukabidhi Mwezi kwa Jua, ambalo, kwa maneno ya tangazo, lina uzoefu wa muda mrefu katika sekta hiyo. Jua lilialikwa na likahudhuria mapema. Viongozi wa nchi nzima walikuja Mtakuja, hakuna aliyetaka kukosekana: mawaziri, wakuu wa mikoa, makamishna, vigogo wa mitihani, hata mkuu wa askari wa madaraja. Mahema yote ya Wizara yaliletwa. Lililo kubwa kuliko yote lilifungwa pande zote ili ndani kuwe na kiza cha kuonyeshea picha.

Swali lilirudishwa kwenye shuka. Safari hii Mheshimiwa Ndimbwelu aliinua A, kifua mbele. Mstari wa dhahabu ukainua A. Siwema akapitisha simu, na shuka likawa kijani kuanzia juu hadi chini. Vifijo! Viongozi wakakumbatiana kwa kuelewa. Bwana Mashauri alikuwa tayari na mkasi juu ya mto wa hariri.

Na hapo Siwema, kwa tabia yake tu, bila kupumua, akabonyeza swali la pili.

Likatokea kwenye shuka: *Mwezi ulipopatwa, ni nini kilichokaa kati yake na Jua?* Wingu. Dunia. Nyota. Serikali.

Vifijo vikakatika. Viongozi wote wakamgeukia Mheshimiwa. Mheshimiwa alitazama D, iliyokuwa imemwunguza. Alitazama A, iliyokuwa imemwokoa dakika hiyohiyo. Nyuma yake watoto walikuwa wameshainua kadi zao zamani, na Zawena ya kwake ameisogeza juu kidogo, ili Mheshimiwa akitaka aone. Lakini herufi za kadi za watoto zilikuwa ndogo mno.

"Nakuja sasa hivi," akasema Mheshimiwa, akapenya nyuma ya hema.

Viongozi wakangoja, kadi mapajani. Chini ya shuka pakaandikwa: *Inasubiri majibu.*

Mheshimiwa hakurudi. Hakuaga, hakujibu, hakuondoka rasmi, na wewe umeshaambiwa desturi ya Kidedea. Hakuna aliyeweza kujibu kabla yake, na hakuna aliyeweza kuinuka kabla yake. Jioni wakawa wamekaa. Keshoye wakawa wamekaa. Akina mama wa jirani wakawapelekea uji, na kwa kuwa mgeni rasmi alikuwa hajala, waliunywa wakijificha nyuma ya kadi.

Wiki ya mtihani ikafika wangali pale. Mitihani ilisahihishwa na walimu wa kawaida, na aliyetakiwa kuwakumbusha waraka alikuwa hemani na kadi yake. Walipofika kwenye swali la Mwezi wakaangaliana, wakatia vema penye A. Kwa hiyo Zawena hakuhitaji tena kujibiwa lile swali lake. Mwaka ule jibu la mtihani na jibu la kweli lilikuwa moja. Mtakuja walifaulu Sayansi, wote, hadi mtoto wa mwisho, na Siwema alilia mbele ya darasa bila kusingizia mvua. Ghala nalo halikuhitajika, kwa sababu mahema na viti vyote vilikuwa kazini.

Kule mtoni, askari wa daraja alingoja zamu yake ibadilishwe, haikubadilishwa. Mkuu wake alikuwa hemani. Siku moja akamkumbuka mkewe, ambaye yuko ng'ambo, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akalikanyaga daraja. Halikuanguka. Waliokuwa majini wakamtazama, wakapanda kingo wakichuruzika, wakamfuata.

Kuhusu Mheshimiwa Ndimbwelu, wapo wanaosema wamemwona kijijini kwao, amekaa kibarazani na wajukuu, anauzungusha Mwezi kwenye simu kwa kidole, anawaambia waangalie upande unaopigwa na Jua. Inasemekana la kupatwa bado hajafika.

Siku ya kwanza ya kwenda sekondari, ng'ambo ya mto, Zawena alipita shuleni kumuaga mwalimu wake, soksi nyeupe, viatu vikavu. Wakasimama wote wawili kwenye mlango wa hema. Ndani, mstari wa dhahabu ulikuwa umenyooka vilevile, nyuso zimetazama kiti kimoja kitupu, na maneno yaleyale chini ya shuka.

"Mwalimu, kwa nini tusiwaambie tu kwamba ni Dunia?"

"Niliwaambia, mwanangu, jioni ileile mlipokwenda nyumbani," akasema Siwema. "Wanasubiri aseme aliyekaa mbele."